Vipazia vya Kijani Nyumbani kwa Mwadhini

Majirani zangu, nimechoka kuisimulia habari hii kwa mdomo. Nimeisimulia kwenye foleni ya kliniki, nimeisimulia kwenye kikao cha akina mama, na kila mara lazima atokee mtu wa kunikatiza aulize kitambaa kilinunuliwa duka gani. Leo naiandika. Karatasi haiulizwi duka.

Ilikuwa wiki tatu kabla ya mfungo. Huku kwetu katika jimbo la Perak mvua hunyesha karibu kila alasiri, na siku ile ilikuwa imekatika tu. Mtaa mzima ulitulia, ukisikia maji yakidondoka kutoka mabatini na cherehani ya Rubiah, basi. Nyumba zetu zimeshikana ukuta kwa ukuta, kwa hiyo cherehani yake nimeizoea kama ya kwangu. Ikienda mbio najua yuko kwenye pindo, ikisitasita najua anashona marinda. Mumewe, Pak Sabran, yaani Mzee Sabran, mwadhini wa msikiti wetu mdogo, zamani dereva wa basi la shule, alikuwa amekaa kibarazani akimsemesha njiwa wake tunduni. Wamekaa pamoja miaka thelathini na sita wale, na sijawahi kusikia sahani ikivunjwa.

Nilikwenda kuomba majani ya mchaichai, nikamkuta Rubiah anatundika kitu juu ya dirisha la jikoni. Kilikuwa kipazia cha juu. Nawaeleza wale wasiokijua: ni kile kitambaa kifupi cha marinda kinachoning'inia mbele ya pazia lenyewe. Hakizuii jua, hakizuii mbu. Kazi yake ni kuficha fimbo ya chuma na kumfanya mgeni aseme mashallah.

"Rubiah, hiki umenunua wapi?" nikamuuliza.

"Kununua? Hii ni shuka yetu ya zamani, Kak Odah. Ile iliyochanika katikati." Kak Odah ndilo jina langu mtaani, yaani dada Saodah.

"Acha uongo."

"Geuza uone mshono."

Niligeuza nikaona. Hakufundishwa na mtu. Alipima dirisha, akakata kitambaa mara mbili ya upana wake ili marinda yajae, akakunja pindo chini, akaacha mfereji juu wa kupitisha fimbo, kisha akabana kila rinda kwa pini kabla ya kushona. Kazi ya alasiri mbili. Nikasema mashallah, na nilisema kwa moyo safi. Pak Sabran akachungulia mlangoni akacheka. "Kak Odah, msifu taratibu. Ukizidisha, kesho atamshonea na njiwa wangu."

Hapo ndipo amani ilipoishia, ila hakuna aliyejua.

Rubiah alimtumia picha binti yao Haizan, anayeishi mjini kwenye nyumba ya ghorofa. Simu ikaja papo hapo. Mama akaiweka sauti ya nje maana mikono ilikuwa na unga.

"Mama! Umeshona mwenyewe?"

"Kwani nimekiota?"

"Basi nishonee na mimi. Madirisha saba. Mwaka huu nyumba nzima tunavaa kijani cha zumaridi, na vipazia viwe hivyo hivyo. Ukweni kwangu wanakuja Idi Pili wote, na mama mkwe unamjua, akiingia nyumba ya mtu anaanza kwa kutazama juu."

"Saba, mwanangu?"

"Mama, ukishajua kimoja si umejua vyote? Kitambaa naleta Jumamosi."

Kitambaa kikaletwa, majora mawili. Rubiah akaamua kwamba kama binti atakuwa na kijani, na yeye awe nacho, sebule na vyumba vyote. Habari zikasambaa. Mke wa imamu akaomba viwili. Nyumba ya kona wakaomba vinne. Mimi niliomba vitatu. Hakutaka malipo, na mtu akimtajia malipo alikuwa anakasirika. Alichotaka ni lile neno, mashallah. Tulimpa neno hilo kwa wingi, kila siku, kila tulipopita getini, na yeye akazidi kuinama kwenye cherehani.

Sasa nisikilizeni vizuri. Pak Sabran ana kisukari, mwaka wa kumi na mbili huu. Miguu yake imekufa ganzi. Mwenyewe husema ni kama amevaa soksi asizoweza kuzivua. Nesi wa kliniki alimpa ndara laini za kuvaa ndani ya nyumba, akamwambia kama mtu anavyomwambia mjomba wake, "Pakcik, hata ukienda chooni, hata ukiwa kitandani umeshusha mguu, vaa hizi." Lakini nani kati yetu anayevaa viatu ndani ya nyumba? Kwetu hata fundi wa umeme anaviacha mlangoni. Mtu akitembea na ndara sebuleni tunaona kama amekanyaga mkeka wa kuswalia. Pamoja na hayo Pak Sabran alizivaa, na alitaniwa sana, na mimi nilikuwa mmoja wa waliomtania. Nilimwita tajiri wa hotelini.

Kitambaa cha madirisha zaidi ya ishirini hakitandazwi juu ya meza. Rubiah alikitandaza sakafuni, sebule yote ikawa ya kijani kutoka ukuta hadi ukuta, na yeye anatambaa juu yake na mkasi na pini mdomoni. Siku ya tano ya mfungo nilikuwepo mwenyewe, nimepeleka vipimo vya madirisha yangu, Pak Sabran alipotoka chumbani na ndara zake.

"Abang! Abang! Simama hapo hapo!" Rubiah akapiga kelele. Abang ni kaka, ndivyo wake wa kwetu wanavyowaita waume zao.

"Kuna nini? Nyoka?"

"Kitambaa! Vua hizo ndara, zitaacha alama. Kijani hiki kikichafuka hakisafishiki."

"Nesi alisema nisizivue."

"Nesi haji Idi hapa. Vua, uziweke nje kwenye ngazi, ukitoka utazivaa."

Akavua. Akavuka kitambaa kwa vidole, amejipinda na kikoi chake amekishika juu, na sote wawili tukacheka. Tangu siku ile ndara zikakaa nje kwenye ngazi, zikanyeshewa, na yeye akatembea peku ndani ya nyumba yenye pini kila mahali.

Siku ya tisa, Rubiah aliona doa jekundu kwenye kipazia cha sebule ya Haizan. Dogo tu, kama punje ya mtama. Nilimsikia kupitia ukutani akilalamika peke yake, "Nani kanitilia doa jamani, nani kanitilia doa." Akatazama vidole vyake kumi, akaona kimoja kina mchubuko, akaamini ni chake. Aliliosha lile doa kwa maji baridi na chumvi, akalisugua taratibu, akalikausha kwa pasi mpaka likapotea kabisa. Alinionyesha baadaye kwa fahari, nisiweze kulipata. Damu aliiona, akaitunza nguo. Hakuuliza ni ya nani.

Naye Pak Sabran alikuwa amekanyaga pini ikazama yote kwenye unyayo, na hakuisikia. Alikwenda nayo msikitini mara tano kwa siku.

Siku ya kumi na saba nilikwenda kuulizia vitatu vyangu. Nikamkuta mwadhini anavuka uwanja akichechemea.

"Mguu vipi, Pak?"

"Umevimba kidogo. Hauumi."

"Alhamdulillahi kama hauumi," nikasema. "Rubiah yupo? Vipazia vyangu vimefika wapi?"

Majirani, hayo ndiyo maneno yangu. Mtu wa kisukari akisema hauumi ndipo ungepaswa kuruka, na mimi nilimshukuru Mungu nikauliza kitambaa.

Siku yake ya kliniki ilikuwa tarehe ishirini na mbili ya mfungo. Ukuta wetu ni mwembamba, nasikia nisiyotaka kusikia.

"Leo kliniki," alisema Pak Sabran. "Nitakwenda mwenyewe na pikipiki."

"Leo Haizan anakuja kuchukua vya kwake na viwili bado. Nani atanishikia kitambaa nikikata? Abang, mguu huo una wiki mbili sasa, utashindwa kungoja siku nane? Tutakwenda baada ya Idi."

"Mguu wenyewe sijauona vizuri, Biah. Kuinama siwezi, tumbo linazuia."

"Baada ya Idi nitakutazama mimi mwenyewe, kidole kwa kidole. Shika hapa. Nyoosha."

Akashika. Akanyoosha. Msimlaumu Rubiah peke yake kwa neno hilo, maana ni neno letu sote. Bomba likivuja, baada ya Idi. Jino likiuma, baada ya Idi. Ndugu wamegombania shamba la miti ya mpira, tutakaa nao baada ya Idi. Mwezi mzima tunauahirisha uzima wetu ili sebule ipate kung'aa siku moja, na hakuna anayeona ajabu.

Haizan alikuja jioni ile na mumewe. Alivipanga vipazia ndani ya gari kama mtu anayelaza watoto wachanga. Alimbusu baba yake mkono, naye baba amekaa kwenye kiti, kikoi kimemfunika hadi chini. Hakukaa hata kufuturu. Alisema barabara itajaa magari.

Siku ya ishirini na sita adhana ilipigwa na mtu mwingine. Pak Sabran alimwambia imamu amepata mafua. Ukweli ni kwamba alikuwa ameanza kusikia harufu, akaona haya kusimama kwenye safu na wenzake. Rubiah naye alisikia harufu ile sebuleni. Akadhani panya amekufa nyuma ya kabati. Aliniita tukasogeza kabati pamoja, tukasogeza na friji, tukafagia, tukamwaga dawa yenye manukato ya limau. Panya hatukumpata. Pak Sabran alikuwa amekaa palepale anatutazama.

Siku ya mwisho ya mfungo, kwenye saa nne asubuhi, nilikuwa nachemsha ketupat, ule wali wa Idi unaofungwa kwa majani ya mnazi. Rubiah alikuwa anatundika kipazia cha mwisho. Alipanda kiti, na mumewe akasimama chini kukishika kiti kisicheze. Ili apate kusimama imara alikunja kikoi hadi magotini. Rubiah akatazama chini kuuliza kama kimenyooka.

Ukelele ule sitausahau. Niliacha moto unawaka nikakimbia. Nilimkuta bado yuko juu ya kiti, ameshika fimbo ya pazia kwa mikono miwili, hawezi kushuka. Mguu wa kushoto wa Pak Sabran ulikuwa mweusi vidoleni, na wekundu ulishapanda nusu ya muundi. Na yeye alikuwa bado anakishika kiti.

"Shuka taratibu, Biah," alikuwa anamwambia. "Shuka, nimekushika."

Mume wangu akawasha gari. Hospitalini daktari, binti mdogo wa Kitamil mwenye macho ya kukosa usingizi, alimpiga eksirei. Akaileta picha akaiinua kwenye mwanga. Ilikuwepo, imelala kati ya mifupa, nyembamba na nyoofu.

"Pakcik, hii pini imeingia lini?"

"Pini gani, daktari?"

Binti yule aliishusha picha, akatutazama sisi wengine mmoja mmoja. Hakutugombeza. Afadhali angetugombeza. Alisema usaha umeshafika juu, na asipokata chini ya goti leo, kesho atazungumza nasi kuhusu mambo mengine. Alihitaji saini.

Rubiah alikuwa na vumbi la chaki ya kijani ya kupimia vidoleni. Alipiga saini, karatasi ikapata alama ya kijani.

"Biah," Pak Sabran akamwita walipokuwa wanamsukuma kwenda chumba cha upasuaji. "Nitasimamaje nikiadhini?"

Mimi nikajibu kwamba kuna viti. Ni jibu la kijinga, najua, lakini lilikuwepo hilo tu.

Asubuhi ya Idi, takbira ikisikika kutoka kila msikiti wa mji, Pak Sabran alizinduka na mguu mmoja. Haizan alifika na familia yake, wote wamevaa kijani cha zumaridi, hadi mtoto wa mwaka mmoja. Walipojipanga kandokando ya kitanda, manesi waligeuka kutazama.

"Mama, kwa nini hukuniambia Baba anaumwa?" alianza Haizan, machozi yanamtoka. "Mimi ni mtoto wake! Ungeniambia!"

"Uliniuliza?" Rubiah alisema polepole, bila hasira, kama mtu anayesoma orodha. "Umepiga simu mara ngapi mwezi huu? Uliuliza vya ghorofani vimefika wapi. Uliuliza marinda kumi au kumi na mbili. Baba yako uliuliza lini?"

"Kwa hiyo ni mimi? Nani alimvua ndara?"

"Mimi," alisema Rubiah. "Nilimvua mimi."

"Nyamazeni," alisema Pak Sabran kutoka kitandani. "Nyamazeni, ni Idi. Mguu ulikuwa wangu na sikuutazama. Nilikuwa naona raha nyumba yangu inasifiwa. Watu walikuwa wanapita wanasema nyumba ya mwadhini, nyumba ya mwadhini. Niliona raha sana."

Kisha akageuza uso ukutani, akalia kama mzee anavyolia, mabega tu.

Mtaani, wageni walikuja kama kila mwaka wakakuta geti limefungwa. Mnajua walifanya nini? Walisimama nje wakavitazama vipazia kupitia nondo za dirisha. Familia moja kutoka nyumba ya kona ilipiga picha ya pamoja pale getini, madirisha yaonekane nyuma yao. Niliwaona kwa macho yangu, na vyangu vitatu vilikuwa vinaning'inia sebuleni kwangu, vizuri sana.

Idi Tatu nilikwenda hospitalini kuomba radhi, kama tunavyoombana wote siku hizo. Nilimshika Pak Sabran mkono, nikasema maneno tunayosema sote: nisamehe ya nje na ya ndani.

"Nikusamehe nini wewe, Kak Odah?" akacheka kidogo. "Si wewe ndiye uliyenileta hapa?"

Nilitaka kumwambia. Nilishindwa. Nikamwambia tu ketupat zangu ziliungua mwaka huu, akacheka tena, nikaondoka.

Sasa amerudi nyumbani. Hapigi adhana. Imamu alimwekea kiti, akakikalia mara moja, sauti ikakatika katikati, hakurudia. Siku hizi anaswalia sebuleni. Rubiah anamfunga kidonda asubuhi na jioni, anakifunga vizuri, ana mikono ya kazi. Wakati mwingine anamaliza kufunga na anabaki amekaa pale sakafuni, kichwa ameegemeza kwenye goti la mguu uliobaki. Cherehani sijaisikia tangu wakati huo, na ukuta huu umekuwa mzito kwangu. Watu bado wanakuja kuulizia vipazia vya mwakani.

FUNZO

Sisemi watu wasishone. Kushona dirisha lako mwenyewe ni kazi nzuri na ya heshima, na sebule safi ni sehemu ya Idi. Ubaya ni kumtumikia mgeni wa saa moja ukamsahau unayelala naye. Nyumba yenye mtu wa kisukari haitandazi pini sakafuni, na wala haimvui ndara zake kwa sababu ya kitambaa, hata kingekuwa cha hariri. Ugonjwa haujui kalenda ya sikukuu. Siku ya kliniki ni ya kliniki.

Na sisi wapita njia tunaosifu, tusijifanye hatumo. Rubiah aliinama kwenye ile cherehani kwa sababu yetu. Mimi Saodah nilimtania mgonjwa kwa ndara zake, nilimwona akichechemea, nikauliza vipazia. Nilishindwa kumwambia pembeni ya kitanda, na sasa namwambia hapa, mbele ya mtaa wote, na anayetaka kumsomea amsomee.

Nawe uliyesoma hadi hapa, una baba au mama au mume mwenye sukari. Usiniambie huna, nawajua mtaa mzima. Leo, kabla jua halijazama, mwambie akae. Chukua mguu wake uuweke pajani kwako, ugeuze unyayo kwenye mwanga, tenganisha kidole na kidole, utazame. Atasema hauumi. Endelea kutazama.